Siku Yangu Moja ya Likizo ya Hedhi

Damu hutolewa kwa maji baridi. Hata mkisahau mengine yote nitakayoandika hapa, wanangu, hilo mlishike. Ukitia maji ya moto umeipika. Itaganda kwenye kitambaa kama yai kwenye kikaango kikavu, na hapo uje na dawa yoyote utakayo, shuka limeshakwenda.

Nilijifunza hilo kwa aibu. Nilikuwa na miezi miwili tu Sydney, nimemfuata mume wangu kutoka Korogwe, na nilipopata kazi kwenye kiwanda cha dobi huku magharibi mwa jiji nilijiona nimefika. Kufua najua tangu mtoto, nani atanifundisha? Wiki ya kwanza wakaniweka kwenye meza ya madoa, pale mashuka yanapochambuliwa kabla hayajaingia mashineni. Nikaona rundo lenye madoa ya damu. Nikalitosa lote kwenye sinki la maji yanayofuka mvuke, nikakunja mikono ya shati, nikasugua. Kwa bidii! Baada ya nusu saa akaja mama mmoja wa Kitonga, wa kutoka visiwani mashariki mwa Australia, mnene, mwenye ua la plastiki kwenye nywele, aliyekuwa pale miaka mingi kabla yangu. Jina lake Mele. Akachomoa shuka moja kwa vidole viwili, akaliinua kwenye mwanga, kisha akanitazama.

“Supu imeiva?” akaniuliza.

Hakunisemea kwa bosi. Alifungua bomba la baridi akanionyesha: unapitisha maji kutokea nyuma ya doa ili damu irudi ilikotokea, halafu sabuni, halafu unangoja. Husugui kwa hasira. Mele alikuwa na msimamo kwamba watu wanaosugua kwa hasira huwa wanamsugua mtu mwingine kabisa, na shuka linapata tabu bure.

Nilifanya kazi kwenye kiwanda kile zaidi ya miaka thelathini. Msifikirie dobi la beseni na kamba ya kuanikia. Mashine ya kufulia ilikuwa ndefu kuliko basi, nguo zinaingia mdomoni chafu na kutoka mkiani safi. Kulikuwa na mashine za kupiga pasi ambazo wawili wanalisha shuka upande huu, wawili wanalipokea upande wa pili likiwa limenyooka kama karatasi, na asubuhi moja unaweza kulisha mashuka mpaka usahau jina lako. Tulifua za hoteli za mjini na za hospitali. Tulifua damu ya jiji zima bila kukunja uso. Ya kwetu wenyewe tuliificha kama bidhaa ya magendo.

Hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Juzi nilikuwa na binti yangu, Neema, kwenye treni. Yeye anafanya kazi katika ofisi kubwa mjini, kwenye ghorofa la vioo, na nilimwona amejikunja huku anabonyeza tumbo kwa mkoba. Nikamuuliza kama kazini kwao kuna likizo ya hedhi. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba ipo, imeandikwa kabisa kwenye mkataba, lakini hakuna anayeichukua. Mimi naongea Kiswahili, yeye Kiingereza, na tunaelewana vizuri sana, ila hapo sikumwelewa hata kidogo. Nikashuka Toongabbie, kituo cha kwetu. Nyumbani nikatafuta daftari.

Maana mimi hiyo likizo niliichukua mara moja tu maishani mwangu. Na kuipata hiyo mara moja ilibidi mtu asafirishwe kama taulo.

Nianze na maumivu yenyewe. Kwetu tuliyaita chango, na dawa yake ilikuwa kuambiwa ukizaa yataisha. Nikazaa. Hayakuisha. Siku mbili za kwanza za kila mwezi kiuno kilikuwa kinakatika vipande, miguu inajaa maji, na kazi yetu ni ya kusimama kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. Nilijifunza mbinu zote. Nilivaa suruali mbili. Sweta nililifunga kiunoni hata siku ambayo barabara inayeyuka kwa jua. Mwezi wa kwanza tu nilielewa kwamba ukiona wanawake watatu wa zamu wamefunga sweta kiunoni katikati ya Januari, huulizi, unapisha njia ya chooni.

Mbinu bora kuliko zote alinipa Mele. Taulo ndogo za uso zinapotoka kwenye kikaushio zina joto la mkate. Unaikunja moja mara nne, unaiingiza chini ya aproni, unaikaza na kamba ya aproni juu ya kitovu. Inakaa na joto robo saa. Halafu unabadilisha. Tuliita “kubeba mtoto”. Ungemsikia mtu anasema kwa sauti, “Leo nimebeba,” na mwenzake wa kikaushio anamrushia taulo ya moto juu ya vichwa vya watu. Tulicheka sana na hicho kitu. Niwaambie ukweli, tulicheka kuliko watu wengi ninaowaona leo kwenye maofisi yenye viti vya kuzunguka.

Lakini katika kucheka kule nikapata kiburi. Nilianza kuamini kwamba kuumwa ukiwa umesimama ndiyo alama ya mfanyakazi hodari. Nilipofanywa kiongozi wa zamu, nikiwa na ubao wangu wa majina na kalamu yangu, kiburi kikapata cheo.

Ndipo akaja Furaha. Alikuwa binti wa miaka ishirini na minne, kutoka Uvira, kapitia kambini Burundi kabla ya kuja huku na mama yake. Mwembamba, mpole, mwenye mikono mirefu iliyoumbwa kwa ajili ya kulisha mashuka. Furaha alikuwa mtu wa kuomba radhi. Ukimkanyaga yeye, anakuambia wewe pardon. Nilimpenda tangu siku ya kwanza, akaniita Maman Neema, na nikamweka mashine namba mbili pamoja na Mele ili afundishwe na aliyenifundisha mimi.

Asubuhi moja ya kiangazi, kama saa tatu hivi, alinifuata kwenye ubao. Midomo ilikuwa imekauka, jasho linamtiririka mpaka kwenye nyusi.

“Pardon, Maman,” akasema. “Tumbo iko nakata. Naweza kaa kidogo?”

Nikamtazama. Nilikuwa na oda mbili zimechelewa. Nikamwambia, na naandika maneno yangu kama yalivyotoka: “Mwanangu, sote tunaumwa. Meza panadol mbili, simama. Ukikaa ndiyo yanazidi.”

Akasema asante. Asante! Akarudi kwenye mashine.

Saa nne tulipokwenda kunywa chai hakuja. Sikushtuka, nikadhani yuko chooni. Chai ikaisha, mashine zikawashwa, nafasi yake tupu. Mele akasimama peke yake upande wa kulisha akanitupia jicho. Nikaenda chooni, hayupo. Chumba cha makabati, mkoba wake upo, chakula chake kipo, yeye hayupo. Nikatoka nje kwenye maegesho ya magari, nikaita kama mtu anayeita mbuzi. Nikarudi ndani nikaangalia nyuma ya kila mashine na chini yake, kwa sababu mashine zile si vitu vya kuchezea. Mele akabonyeza kitufe chekundu, mashine namba mbili ikasimama. Kiwanda kizima kikasimama. Wanawake arobaini tukawa tunaita jina moja.

Simu yangu ikalia. Alikuwa Sami, dereva wetu wa lori, mwanaume wa makamo mwenye asili ya Lebanoni, msemaji kuliko redio. Siku hiyo alikuwa anaongea taratibu sana.

“Mama Neema,” akasema, “niko hotelini mjini, mlango wa nyuma. Nimeshusha toroli la taulo. Ndani yake kuna mwanamke.”

“Mzima?”

“Mzima. Anaomba radhi.”

Nilikaa chini palepale sakafuni.

Ilikuwa hivi. Furaha alikuwa hajapata usingizi siku mbili kwa maumivu. Kwenye saa ya chai alitafuta taulo ya kubeba, akakuta matoroli yamepangwa karibu na mlango wa kupakilia, yamejaa taulo za kuogea zilizotoka kukaushwa, za moto. Toroli letu lilikuwa sanduku kubwa la magurudumu, lenye nyavu pembeni na kifuniko cha turubai. Akaona akiingia ndani dakika tano tu, ajizungushie joto lote lile kiunoni, atapata nafuu. Akaingia, akajifunika. Akapata nafuu kweli, na nafuu ikamletea usingizi. Sami akaja, akafunga turubai, akapakia, akaondoka. Furaha alilala kuanzia kwetu mpaka katikati ya mji, barabara kuu yote na foleni zake, na aliniambia baadaye kwamba ulikuwa usingizi mtamu kuliko wowote tangu afike Australia.

Pale hotelini wapishi walikuwa wamesimama mlangoni wanapunga upepo. Turubai likafunguliwa, taulo zikajitikisa, akainuka mwanamke mwenye taulo kichwani kama kilemba, akatazama majengo marefu yale akauliza, “Ni wapi hapa?” Mpishi mmoja aliangusha sufuria. Mwingine akamletea chai yenye sukari nyingi na kiti. Sami akamrudisha akiwa amekaa mbele, akamnunulia chipsi njiani, na aliposhuka alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

Sisi nasi tulicheka siku ile. Tulicheka mpaka Mele akashika ukuta. Lakini usiku sikucheka. Nyavu zile ndizo zilizompa hewa. Siku nyingine tunatumia matoroli ya plastiki, yaliyozibwa pande zote.

Kesho yake meneja akaniita ofisini. Trevor hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mrefu, mwenye masikio makubwa yaliyokuwa yanabadilika rangi akiona haya, na haya aliziona mara nyingi. Mezani kulikuwa na barua ya kumwachisha Furaha kazi: ameacha mashine yake baada ya chai bila ruhusa, amehatarisha maisha yake. Ilihitaji sahihi yangu kama kiongozi wa zamu.

“Inaniuma,” Trevor akasema. “Lakini hakuomba ruhusa. Hilo ndilo tatizo.”

Nikachukua kalamu. Mnielewe vizuri hapo: nilikuwa na cheo, nilikuwa na miaka mingi pale, na hakuna aliyesikia nilichomwambia Furaha kwenye ubao ila yeye mwenyewe. Na yeye asingesema. Angeomba radhi akaenda zake.

Nikaiweka kalamu mezani.

“Aliomba,” nikasema. “Mimi nilimnyima.”

“Ulimnyima nini?”

“Kukaa. Aliomba kukaa kidogo. Nikamwambia asimame.”

“Alikuwa anaumwa nini?”

“Alikuwa kwenye siku zake.”

Masikio yakaanza. Kwanza ya waridi, halafu nyekundu kabisa. Akafungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena.

“Unataka niandike hivyo kwenye ripoti?”

“Andika. Andika na jina langu. Na kama kuna barua ya kumfukuza mtu, iwe yangu.”

Akakaa. Akachezea kalamu muda mrefu. “Wako wangapi huko ndani,” akauliza kwa sauti ya chini, “wanaofanya kazi katika hali hiyo?”

“Trevor,” nikamwambia, “hao arobaini unaowaona wamesimama kila siku? Wote, kila mmoja kwa siku zake.”

Nadhani mtu yule hakuwahi kufanya hesabu hiyo. Aliichana barua mbele yangu, nusu kwa nusu, akaikunja akaitia mfukoni badala ya kwenye kapu, sijui kwa nini.

Baada ya hapo tukadai likizo ya hedhi, na haikuwa kazi ya siku moja. Ilikuwa miezi ya mikutano, chama cha wafanyakazi upande huu, kampuni upande ule, na Mele katikati na ua lake la plastiki akiwaeleza wanaume wa suti habari ya kubeba taulo tumboni, akiwaonyesha na namna ya kuikunja. Mwisho makubaliano mapya ya kazi yakaandikwa. Siku moja kila mwezi kwa anayeumwa na hedhi, yenye malipo, bila barua ya daktari. Na viti virefu pembeni ya kila mashine, ambavyo kusema kweli ndivyo vilivyotusaidia wengi zaidi, kwa maana kuna siku hutaki kulala nyumbani, unataka tu kukaa.

Tukapiga vigelegele, keki ikaliwa. Halafu, wanangu, hakuna aliyeichukua.

Mwezi wa kwanza hakuna. Wa pili hakuna. Kila mtu alikuwa na sababu yake. Huyu anaogopa ataonekana mvivu, yule anaona mashine itabaki na watatu na wenzake watataabika. Mwingine hataki Trevor ajue siku zake, kana kwamba Trevor angeziandika kwenye kalenda. Sweta zikaendelea kufungwa viunoni. Nikamwita Furaha.

“Hii likizo ilitoka kwako. Ichukue.”

Akainamisha kichwa. “Anza weye, Maman. Weye ndiye mukubwa. Ukianza, batu batafuata.”

Na hapo nikakwama. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili, na hedhi yangu ilikuwa imeshaanza kunikimbia. Mwezi inakuja, miezi miwili haionekani. Miaka yote nimeilaani, imekuja bila kukosa, kwenye harusi, kwenye safari, siku ya ubatizo wa Neema nikiwa na gauni jeupe. Sasa naitaka, haipo!

Nikaanza kusubiri. Sijawahi kusubiri kitu namna ile isipokuwa viza. Nilikuwa naamka naenda bafuni na matumaini, narudi sina kitu. Mume wangu anauliza, “Vipi, tumbo?” Namwambia, “Hata. Tatizo ni hilo.” Kila asubuhi pale kwenye mashine ya kugonga kadi Mele ananisubiri.

“Mgeni amefika?”

“Bado.”

Siku ya pili, tena. “Mgeni?” “Bado.” Kwenye chai wanawake wananitazama kama abiria wanavyoitazama reli wakingoja treni iliyochelewa. Sami naye alikuwa anasikia haya kila anapokuja kupakia, na baada ya wiki tatu akashindwa kujizuia. Akanivuta pembeni.

“Mama Neema, huyo mgeni wako kutoka Tanzania, kama shida ni gari la kumchukua uwanja wa ndege, niambie. Mimi Jumapili sina kazi.”

Nikamshukuru sana. Nikamwambia mgeni huyu anajua njia.

Akaja Jumanne, majira ya baridi, saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kiuno kikakatika kama zamani, miguu ikawa mizito, nikaingia bafuni, nikaona. Nikapiga kigelegele. Mume wangu alikuja mbio, bila miwani, ameshika kiatu, akidhani kuna nyoka.

“Nini? Nini?”

“Imekuja, Baba Neema! Nipe simu!”

Nilimpigia Trevor nikiwa nimekaa ukingoni mwa beseni la kuogea, nimejishika tumbo. Nilikuwa nimeshafanya mazoezi. Ukiiomba likizo hii, na hili nawaambia kama mtu aliyeliwaza miezi mitatu, sema kwa kifupi. Usiombe radhi. Usieleze rangi wala kiasi. Usiongeze kichwa na mafua ili yasindikize, maana ukitia mafua umeifanya hedhi ionekane haitoshi. Piga mapema ili zamu ipangwe. Sema, nyamaza.

“Trevor, ni mimi. Leo siji. Niko kwenye hedhi.”

Niliweza kuyaona masikio yake kwenye simu. Nadhani naye alikuwa amefanya mazoezi, lakini yakampotea.

“Hongera,” akasema.

Nyuma yake nikasikia chumba cha chai, walikokuwa wakingoja zamu ianze, kikilipuka. Nilisikia Mele anaimba kitu cha Kitonga, na viti vinaburutwa, na mtu anapiga meza. Trevor akarudi kwenye simu akasema, kwa adabu sana, “Samahani. Nilitaka kusema, pumzika. Zamu tutaipanga.”

Nikapumzika. Nilikuwa sijui inafanywaje. Miaka yote ile, siku ya kwanza ya hedhi mimi naijua nikiwa nimesimama. Nikalala na chupa ya maji moto tumboni, na kwa mara ya kwanza nikayasikiliza maumivu yenyewe bila kelele ya mashine juu yake, na yalikuwa makali, jamani. Nilishangaa kwamba nilikuwa nayatembeza. Saa tano jua likaingia uani, nikatoa kiti nikakaa na blanketi, nikawaangalia ndege weupe wenye vishungi wanagombania makombo kwa jirani.

Mume wangu hakuwa na kazi siku hiyo. Akaniletea uji aliotia pilipili manga kupita kiasi. Akakaa kwenye ngazi, akanitazama nikijikunja na kukunjuka.

“Huwa ni hivi?” akauliza.

“Huwa.”

“Kila mwezi?”

“Tangu hujanioa.”

Alikuwa dereva wa basi, mtu asiyeongea sana. Akainuka akaingia ndani, nikasikia anachemsha maji. Akaja akaichukua chupa tumboni, akaijaza upya, akaifunga na kitambaa ili isinichome. Halafu akakaa tena palepale kwenye ngazi mpaka ilipopoa, akaijaza tena. Mchana wote alifanya kazi hiyo. Vijana wa kiume mnaosoma haya, na najua mpo, hamhitaji kusema chochote kikubwa. Chemsha maji.

Kesho yake nikaingia kiwandani, nikapigiwa makofi kama bibi harusi. Sami akanisubiri mlangoni.

“Wameniambia mgeni amefika!”

“Amefika na ameshaondoka.”

“Mbona siku moja tu? Ametoka mbali hivyo!”

Mele ilibidi aende kuegemea lori.

Mgeni yule hakurudi tena. Nilingoja mwezi, miwili, mwaka. Daktari akanithibitishia kwamba hedhi imekoma. Ile siku moja ndiyo nikawa nayo. Sijutii. Ila nataka mjue kitu kimoja ambacho nilikijua nimechelewa. Maumivu yanayomlaza mtu kwenye toroli la taulo si ya kawaida, hata kama mama yako alikuwa nayo, na bibi yako alikuwa nayo, na kiongozi wako wa zamu anasema sote tunayo. Furaha alikuja kutumia siku zake mbili za likizo kwenda kwa daktari, akapelekwa kwa mwingine, akaonekana ana ugonjwa ambao nyama za ndani ya mji wa mimba zinaota mahali pasipo pake. Akafanyiwa upasuaji, akapewa dawa. Sasa yeye ndiye kiongozi wa zamu ya asubuhi, na ananiambia kuna miezi inapita bila hata kukumbuka panadol iko wapi. Nendeni kwa daktari. Asipowasikiliza, nendeni kwa mwingine.

Lakini nimekimbia mbele, na niliyotaka kuwaachia ni ya nyuma kidogo, wiki tatu baada ya likizo yangu.

Nilikuwa nimefika kazini mapema, bado giza, nimesimama kwenye ubao napanga majina. Simu ikalia.

“Maman Neema.” Sauti ilikuwa chini, ya mtu aliyelala ubavu. “Ni Furaha. Leo siji. Niko mu siku zangu.”

Nikasubiri. Nilijua kinachofuata, nilishakisikia mara elfu, nikawa nimeshatayarisha jibu. Lakini pardon haikuja. Alinyamaza tu, anapumua, amemaliza aliyokuwa nayo.

“Lala, mwanangu,” nikamwambia.

Nikafuta jina lake kwenye mashine namba mbili, nikaandika langu. Mele alikuwa anafunga aproni. Akausoma ubao, akanisoma mimi, kiongozi wa zamu ambaye hajalisha shuka kwa miaka.

“Utaweza?” akauliza.

“Washa mashine,” nikasema.

Mikono iliniwaka moto kufikia saa ya chai, na mara mbili nililisha shuka kombo likatoka kama chapati. Saa nane mchana Sami akafunga milango ya lori, limejaa mpaka juu, akapiga honi. Hakuna hoteli hata moja iliyolala bila shuka.